Muhuri wa kucha nyumbani: pesa iende kwenye rangi

Seti ya kupiga muhuri kucha ina vitu 3: bamba la chuma lenye nakshi zilizochongwa, muhuri wenye kichwa cha mpira au silikoni, na kadi ya plastiki ya kukwangulia. Rangi inawekwa juu ya bamba, kadi inakwangua ya ziada, na muhuri unaibeba iliyobaki kwenye mchongo hadi kwenye ukucha. Kitu cha 4, ambacho ndicho kinachoamua nakshi itoke au isitoke, mara nyingi hakimo kwenye pakiti: rangi yenyewe. Mtu ananunua seti, anajaribu na rangi iliyokuwa kabatini, nakshi inatoka nusu au haitoki kabisa, na seti inaishia kwenye droo pamoja na chaja mbovu. Bamba linalaumiwa bure. Kama una pesa ya kitu kimoja kizuri tu, nunua chupa ya rangi nyeusi na ya nyeupe zilizotengenezwa kwa ajili ya muhuri. Vingine vyote vina njia ya mkato.

Tuanze na bamba, maana ndilo linalovutia macho. Konad ya Korea Kusini ndiyo iliyoifanya kazi hii ijulikane duniani, na mabamba yake madogo ya duara, yenye herufi M na namba, bado yanatafutwa. Mchongo wake ni wa kina na kingo zake ni safi. Ubaya ni kimo: nakshi nyingi za mabamba hayo zilikatwa kwa kucha fupi, kwa hiyo mwenye kucha ndefu au za kubandika atabaki na ukanda mtupu pembeni au nchani. MoYou London ya Uingereza na Born Pretty ya China hutoa mabamba ya mstatili yenye nakshi ndefu za kufunika ukucha mzima. Kwa michoro yenye mistari myembamba sana, MoYou inastahili bei yake. Kwa anayeanza, Born Pretty inatosha kabisa, na tofauti ya bei aitie kwenye rangi.

Mabamba yasiyo na jina ni bahati nasibu, lakini bahati nasibu unayoweza kuichungulia. Ukinunua Kariakoo au Dubois Road jijini Nairobi, omba ulitoe bamba kwenye bahasha uligeuze kwenye mwanga. Mistari iwe na kingo kali, isiwe kama imefutwafutwa. Pitisha ukucha juu ya nakshi taratibu: lazima ukwaruze kidogo. Ukiteleza kama juu ya kioo, mchongo ni wa juujuu na utatoa picha hafifu hata kwa rangi bora kuliko zote. Liweke kwenye meza ya muuzaji uone kama linalala sawasawa, kwa sababu bamba lililopinda halikwanguliki. Kadi itaruka pale penye bonde. Angalia pia kingo. Mabamba mengi ya bei ya chini hayana kitako cha plastiki na yanakata vidole, hivyo ukifika nyumbani ligandishe kwenye kipande cha boksi kwa utepe wa gundi wa pande mbili.

Na kabla ya lolote, bandua utando wa plastiki, ambao kwa kawaida ni wa buluu, uliofunika uso wa bamba. Wauzaji wangeambiwa lalamiko moja tu kwa siku, lingekuwa la bamba "bovu" ambalo bado lina utando wake.

Kichwa cha muhuri kina aina 3, na kila moja ina tabia yake. Cha mpira mgumu ndicho cha zamani. Hakiogopi asetoni, dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na kinadumu, ila hakijikunji kufuata mviringo wa ukucha, kwa hiyo ni lazima ukibingirishe kutoka upande mmoja hadi mwingine. Cha silikoni laini, cheupe au cha rangi, kinabonyea kama andazi na kinafunika ukucha mzima kwa mkandamizo mmoja; hiki ndicho rahisi kujifunzia. Cha silikoni angavu kinakuwezesha kuona ukucha kupitia kichwa chenyewe, ukaiweka nakshi pale hasa unapotaka. Kwa maua ya katikati ya ukucha au mstari wa nchani, cha angavu hakina mpinzani. Kwa nakshi ya kujaza ukucha mzima, uangavu hauna faida yoyote, na kichwa cheupe kitakuonyesha vizuri zaidi kama picha imebebwa kamili.

Kichwa kipya mara nyingi huwa na mafuta ya kiwandani. Kioshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, kikauke. Kama bado kinakataa kubeba rangi na ni cha mpira au silikoni isiyo angavu, kipitishe msasa laini wa kucha, ule wa namba 240, mara 3 au 4 tu, kisha futa vumbi. Cha angavu usikiguse kwa msasa: kitapata ukungu na hutaona tena kitu. Vivyo hivyo asetoni. Silikoni ikifutwa kwa asetoni hukauka uso, ikapoteza ule unato mdogo unaobeba rangi. Kisafishe kwa utepe wa gundi au kile kibingirishio cha kutolea nyuzi kwenye suti. Rangi inang'oka yote bila tone la kemikali.

Kadi ya kukwangulia haihitaji kununuliwa. Kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa, na hata ile plastiki kubwa inayobaki baada ya kubandua laini ya simu. Sharti ukingo uwe umenyooka, usiwe na pengo. Vikwanguzi vya chuma, vilivyokuja na baadhi ya seti za mwanzo, tunashauri visiguse bamba kabisa. Chuma kikichora mkwaruzo mmoja kwenye bamba, mkwaruzo huo utabeba rangi na kujichapa kwenye kila ukucha.

Sasa rangi. Rangi ya kawaida ya kucha imekusudiwa kupakwa tabaka 2, kila moja nene kiasi. Ndani yake kuna nitroselulosi iliyoyeyushwa kwenye viyeyusho kama ethili asetati na butili asetati, pamoja na chembe za rangi, na inakauka kwa viyeyusho hivyo kuruka hewani. Muhuri haubebi tabaka nene. Unabeba kile kilichobaki kwenye mfereji mwembamba wa mchongo, nacho ni kidogo sana. Ikiwa chembe za rangi ni chache, kitakachofika kwenye ukucha ni kivuli. Rangi za muhuri zimeshindiliwa chembe nyingi na ni nzito kidogo, ndiyo maana zinaonekana hata zikiwa nyembamba kama unyoya.

Kabla ya kununua mpya, pima ulizonazo. Chora mistari ya kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, kisha pitisha brashi ya rangi mara moja juu yake. Ikificha mistari kwa mpako mmoja, ina nafasi. Ikionyesha mistari, usijisumbue. Nyeusi nzito za kawaida mara nyingi hufaulu. Wet n Wild Black Creme ni mfano unaojulikana sana kwa wapiga muhuri. Rangi za metali pia hufanya kazi nzuri, zikiwemo zile za Essie zinazong'aa kama kioo. Chupa kuukuu ya nyeusi iliyoanza kuwa nzito inaweza kuchapa vizuri kuliko ilipokuwa mpya, kwa kuwa sehemu ya viyeyusho imeshatoka. Zinazofeli ni zile za kupitisha mwanga, za pastel, yaani zilizopauka, na za kumetameta. Chembe za kumeta ni kubwa kuliko mfereji wenyewe, haziingii. Nyeupe ya kawaida ndiyo inayowaangusha wengi. Chupani inaonekana nzito, juu ya rangi nyeusi inageuka kijivu.

Rangi ya muhuri ikizidi uzito hadi inavuta nyuzi kama ulimbo, ongeza matone 2 au 3 ya kilainishi cha rangi ya kucha, ile chupa yenye butili asetati na ethili asetati. Usitie asetoni. Kwa siku moja itaonekana imepona, halafu rangi inajitenga na kuganda.

Mazingira yetu ya joto yana neno hapa. Rangi iliyo kwenye mchongo inakauka haraka kuliko iliyo kwenye ukucha, kwa sababu ni nyembamba mno. Feni ikiwa inapuliza meza, picha imeshakauka ndani ya mfereji kabla muhuri haujashuka, na haitoki tena. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari kuzima feni ni adhabu, tunajua. Izime dakika chache za kupiga muhuri tu, au geuza meza uipe mgongo.

Mpangilio wa kazi wenyewe uko hivi. Paka rangi ya msingi (base coat), halafu tabaka 2 nyembamba za rangi ya chini, ukiacha dakika 3 hadi 5 kati yake. Funika kwa rangi ya kumalizia (top coat, ile angavu) inayokauka haraka na usubiri dakika 15 hadi 20. Tabaka hili la kati watu wengi huliruka, na ndilo linalozuia muhuri usiache alama ya kubonyea kwenye rangi iliyo laini bado. Linakupa pia nafasi ya kufuta kosa: nakshi ikienda kombo, bonyeza utepe wa gundi juu yake papo hapo uiinue.

Pakaza gundi nyeupe ya maji, au mpira wa kimiminika (latex) unaouzwa kwa kazi hii, kwenye ngozi kuzunguka ukucha. Ikikauka inabanduliwa na uchafu wote. Mwenye mzio wa mpira atumie gundi. Futa bamba kwa asetoni na karatasi isiyotoa nyuzi. Pamba ya fungu inaacha unywele mmoja, na unywele huo utaukuta katikati ya ua.

Weka rangi kwenye ukingo wa juu wa nakshi, mstari wa upana wa milimita 2 hadi 3, si zaidi. Shika kadi kwa mwinamo wa nyuzi 45 hivi, ivute mara moja hadi chini. Ukiilaza sana inaacha utando wa rangi juu ya bamba. Ukiisimamisha na kukaza mkono inachimba rangi kutoka kwenye mfereji. Mara 2 ni mwisho. Hapo hapo shusha muhuri. Cha mpira mgumu kibingirishe, cha laini kiguse tu kwa uzito wake na mwendo mdogo wa kuviringisha. Mkono mzito hauongezi kitu: kichwa laini kinapanuka, picha inatanuka nacho. Geuza muhuri, tazama kama picha imekamilika, kisha peleka kwenye ukucha. Kutoka rangi kugusa bamba hadi muhuri kugusa ukucha zisizidi sekunde 10, na chumba chenye joto kinataka 6 au 7.

Kwa mkono unaoutumia kuandikia, acha kuhangaika na mkono dhaifu. Simamisha muhuri mezani kichwa kikiwa juu, halafu bingirisha kidole chenyewe juu ya picha. Mistari hutoka imenyooka kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Bamba lifutwe kwa asetoni baada ya kila ukucha, si baada ya kila kucha 3. Kwa mikono yote miwili andaa kiasi cha mililita 20 hadi 30 za asetoni. Na iwe asetoni kweli. Viondoa rangi vyenye glisarini au mafuta ya kulainisha ngozi huacha utando kwenye chuma, na rangi inakimbia utando huo kama maji kwenye jani la mgomba. Kipimo ni tone 1 juu ya bamba safi: asetoni halisi inaruka kwa sekunde chache bila kuacha doa. Ikiacha mng'ao wa mafuta, itumie kuondolea rangi kwenye kucha tu.

Picha ikikataa, tazama imekataa vipi. Bamba likibaki na picha kamili na muhuri ukatoka mtupu, rangi ilikauka au kichwa kina mafuta. Muhuri ukibeba picha vizuri lakini ukucha ukaikataa, umechelewa kati ya bamba na ukucha. Pakaza rangi ya kumalizia nyembamba kwenye ukucha, isubiri ifikie kunata kidogo, ujaribu tena. Picha ikiwa na mashimo upande mmoja, kadi ina pengo au bamba limepinda. Ikizungukwa na ukungu wa rangi hafifu, ulikwangua kwa kadi iliyolala. Na kama nakshi nene zinatoka ila nyembamba hazitoki, kosa ni la mchongo. Ukiacha bamba lililopinda, hilo ndilo tatizo pekee hapa ambalo dawa yake ni kununua bamba lingine.

Rangi ya kumalizia ndiyo inayoharibu kazi iliyokwisha kufaulu. Viyeyusho vyake ni vilevile vilivyo kwenye rangi ya muhuri, kwa hiyo vinaifufua, na brashi inaiburura nakshi nyeusi hadi ukucha mweupe unakuwa na michirizi ya masizi. Subiri dakika 2 hadi 5 baada ya muhuri. Beba tone kubwa kwenye brashi, liweke karibu na shina la ukucha, kisha sukuma lile tone kuelekea nchani bila nywele za brashi kugusa nakshi. Pita mara 3 tu: katikati, kushoto, kulia. Usirudi. Funga ncha kwa kupitisha brashi kwenye ukingo wa mbele. Nyeusi, nyekundu na buluu iliyokolea ndizo wakorofi zaidi. Kwa hizo weka kwanza tabaka moja la rangi ya kumalizia yenye asili ya maji, ikauke, ndipo ile ya kung'aa. Rangi za kumalizia zinazokauka haraka sana zina tabia ya kuvuta: zinasinyaa zikikauka na kuinua rangi nchani, hasa zikipakwa juu ya tabaka mbichi. Ukifunga ncha, tabia hiyo inapungua.

Ukishazoea mchapo mmoja, ingia kwenye nakshi za kujaza rangi ndani ya mistari, na hapo kichwa angavu kinarudisha gharama yake. Chukua michoro ya korosho, ile ile ya kwenye kanga, ambayo ipo kwenye mabamba mengi. Beba mistari kwa nyeusi ya muhuri, iache kwenye kichwa dakika 1 hadi 2. Kwa ncha ya kijiti cha meno dondosha nyekundu ndani ya kila korosho, kidogo, bila kuvuka mstari. Rangi ya kawaida inafaa hapa. Subiri kama dakika 5. Paka tabaka jembamba la kumalizia juu yake, subiri lisinate, kisha ling'oe kwa kibano kama kibandiko na ulilaze kwenye ukucha uliopakwa rangi ya kumalizia ambayo bado inanata. Ziada kata kwa brashi yenye asetoni. Juu ya ukucha mweupe unapata rangi 3 za kisutu, na ukitaka kuwa mwaminifu kwa kanga, chapa pindo la mstari pembeni na uache mji katikati. Kazi hii inachukua dakika 15 au zaidi kwa ukucha 1. Kucha 2 kwa kila mkono zinatosha.

Kwa wanaotawadha, hesabu ya tabaka ni muhimu. Msingi, rangi 2, kumalizia, muhuri, kumalizia tena: tabaka 6. Rangi inayouzwa kwa madai ya kupitisha maji, ikishafunikwa na rangi ya muhuri na ya kumalizia za kawaida, imepoteza hata hayo madai yenyewe. Kinachofanya kazi ni rangi ya msingi ya kubandua, yenye gundi ya maji. Rangi yote ya ukucha inatoka kama ganda bila asetoni, kwa hiyo harusi ya Jumamosi jioni inawezekana, na usiku huohuo mikono iko tupu. Bei yake ni uimara. Juu ya msingi wa kawaida nakshi hukaa siku 5 hadi 7. Juu ya msingi wa kubandua hesabu siku 1 au 2, na usioshe sufuria.

Kuondoa rangi nzito ya muhuri kunaweza kutia doa ngozini. Lowesha pamba kwa asetoni, iweke juu ya ukucha, ishikilie dakika 1, ndipo uvute kuelekea nchani kwa mwendo mmoja. Ukisugua huku na huku, nyeusi inaingia kwenye kona za ngozi na inakaa siku 2. Mabamba yahifadhiwe makavu kwenye bahasha zake, maana hewa ya chumvi ya pwani haina huruma kwa chuma cha bei nafuu. Asetoni ikae mbali na jiko, la gesi au la mkaa, kwa sababu mvuke wake unashika moto. Usiimimine kwenye kikombe cha povu, itakitoboa. Na kabla ya kuanza, tandika gazeti juu ya kile kitambaa cha plastiki cha mezani: tone 1 linatosha kuacha kovu la kudumu.